Nilipaka Sabuni Mkanda Uliokuwa Unalia

Kosa ni langu. Nalitanguliza kabla hata ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza kueleza kidogo kidogo, mwishoni utanikuta nimeshamsukumia fundi, au barabara, au mvua. Si fundi, si barabara, na siku ile hata mvua haikunyesha. Ni mimi.

Jina langu silitaji, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Gisenyi tunajuana mno. Ukitaja tu rangi ya gari, mtu anakuambia limeegeshwa wapi na mwenyewe amekwenda kwa nani.

Nisikilize basi, na usinihurumie haraka.

Sisi tulizaliwa Tanzania, tukarudi nyumbani, hapa Gisenyi, tukiwa wadogo. Wazazi wetu wameshatangulia. Tulibaki mimi na mdogo wangu wa kike, nimwite Yvonne. Mimi ndiye niliyemlea, nikamsomesha, na alipopata mchumba mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha baba siku walipokuja kumposa. Nina kazi ya ofisini, nina mke na mtoto mmoja, na nina gari. Hilo gari, Mungu anisamehe, nililipenda kuliko inavyoruhusiwa kupenda bati!

Ni gari dogo la Kijerumani, la zamani kidogo, lenye kompresa. Kama hujui, kompresa ni mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari lipate mbio. Inazungushwa na mkanda wa mpira unaopita kwenye magurudumu madogo ya chuma yanayoitwa puli. Na sikiliza vizuri hapa: kwenye gari langu mkanda huo ni mmoja tu. Unazungusha kompresa, unazungusha pampu ya maji, unachaji betri, na unafanya usukani uwe mwepesi. Mkanda mmoja kwa kazi zote hizo. Nilikuwa nalijua hilo. Usije ukasema sikujua.

Siku ya posa upande wa bwana harusi walikuja na magari makubwa kutoka Kigali. Jioni tuliwasindikiza mpaka nje ya mji. Nilikuwa nimepakia mashangazi, na kwenye mpando gari langu likachoka, likaanza kupumua kwa shida. Mjomba wa bwana harusi akanipita, akashusha kioo, akaniuliza kwa sauti kama nasubiri kusukumwa. Watu wote wakacheka. Hata shangazi zangu, mle mle ndani ya gari langu, walicheka!

Ni utani wa ukweni, kila mtu anaujua. Mtu mwenye akili anacheka na kusahau. Mimi nililala nao na kuamka nao.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbugangari kwa fundi wangu, nimwite Safari, mtu wa Goma aliyehamia huku. Nikamwambia nataka nguvu, na nataka kabla ya harusi. Safari akafungua boneti, akatazama, akafurahi. Mafundi hufurahi wakipata mteja mwenye wazimu.

"Boss, hii moteur iko na nguvu, inalala tu," akasema, akigonga injini. "Tukiondosha hii puli ya kompresa, tunaweka kadogo, kompresa itakimbia mbiyo. Utaona."

Nimtendee haki Safari. Aliniambia yote. Aliniambia puli ikiwa ndogo, mkanda wa zamani unakuwa mrefu mno, hivyo unahitajika mfupi zaidi, la sivyo utateleza. Aliniambia pia kwamba petroli lazima ipimwe upya kwa sababu hewa imeongezeka. Puli aliipata. Mkanda mfupi hakuupata, si Gisenyi wala Goma, akaniomba nisubiri uagizwe.

Nikakataa. Harusi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia afunge na mkanda ule ule, kile chuma cha kukaza mkanda kitajisogeza chenyewe kimalize ulegevu. Akanitazama, akasema gari ni langu. Na kweli lilikuwa langu.

Nilipolijaribu kwenye mpando wa kuelekea Busasamana, jamani! Nilipita malori kama yamesimama. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Mtu mzima, mwenye mke, nacheka peke yangu na kupiga usukani. Nilijiona nampita yule mjomba, nashusha kioo, namuuliza kama ana haja ya kamba.

Furaha hiyo haikudumu. Mkanda ulianza kulia. Kila nikiwasha, na kila nikikanyaga mafuta kwa nguvu, ilitoka sauti kali, nyembamba, inayochoma masikio. Mke wangu aliniuliza gari lina nini. Nikamwambia ni unyevu wa asubuhi, litanyamaza likipata joto. Aliniamini kwa sababu huwa simdanganyi. Nilikuwa simdanganyi.

Asubuhi ya harusi gari lilikuwa limepambwa kwa riboni nyeupe na maua. Nikaliwasha kulitoa kwenye geti, likalia mpaka mtaa mzima ukageuka. Gari la bibi harusi hupigiwa honi na wengine, halilii lenyewe! Nilihisi jasho ndani ya suti. Wageni walikuwa wanaanza kufika, na yule mjomba alikuwa njiani.

Basi nikaingia uani, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye beseni la mke wangu, nikazima gari, nikaupaka mkanda kwa ndani. Huu ni ujanja wa zamani, madereva wengi wanaujua. Sabuni haikazi mkanda, inaunyamazisha tu. Nikawasha tena. Kimya. Nikanawa mikono, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu kwa uongo wangu mwenyewe!

Sasa, kuendesha sikuruhusiwa. Siku ile mimi ndiye nilikuwa baba, na baba haendeshi gari, baba anakaa na wakwe. Kwa hiyo usukani tulimpa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nimwite Dieudo. Wao ni watu waliorudi kutoka Kongo. Dieudo alikuwa anaendesha basi dogo la Rubona na mjini, barabara ile ile ambayo maharusi hupita wakienda kupiga picha ziwani. Alikuwa haonji pombe, na alikuwa akiendesha taratibu mpaka abiria wanamlalamikia. Tulimchagua kwa sababu hiyo.

Alifika amevaa shati jeupe lililonyooshwa. Akazunguka gari, akagusa matairi, akakaa, akawasha, akasikiliza. Kisha akashuka akanijia.

"Shemeji, hii voiture iko na kitu ya kunielezea?" akaniuliza. "Mi siijui. Leo nabeba batu ya maana."

Hebu fikiria. Mtu mwenyewe amekuja kuniuliza, na kwa heshima. Mlango umefunguliwa, nilikuwa na kazi ya kupita tu.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Liko sawa kabisa."

Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Yvonne alilia, mimi nikalia, bwana harusi akahangaika kuvisha pete. Baada ya hapo msafara ukaanza kuelekea Rubona. Mbele lilikuwa gari la mpiga picha, la pili la maharusi, na la tatu basi dogo tulilokaa sisi wazee wa pande mbili. Mimi nilikaa kiti cha mbele karibu na dirisha. Mjomba wa bwana harusi alikuwa pembeni yangu kabisa, bega kwa bega.

Kwenye mpando wa kutoka mjini, sabuni ikaisha kazi.

Nilisikia. Kelele zile zilipita katikati ya honi zote. Mjomba akauliza hicho ni nini kinacholia, nikajifanya natafuta mbele na nyuma. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, ikaingia kwa dirisha langu. Aliyewahi kuinusa hawezi kukosea.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Namba ya Dieudo ilikuwa juu kabisa kwa sababu tulikuwa tumeongea wakati wa kutoka kanisani. Kidole kilikuwa kwenye kioo. Ningesema maneno machache tu: simama, weka pembeni, usianze mteremko.

Lakini nikaona picha yote. Msafara umesimama juu ya kilima. Boneti imefunguliwa mbele ya wakwe. Mkanda umejaa sabuni nyeupe. Mjomba ananiangalia, anasubiri kucheka. Nikajiambia Rubona si mbali, wakifika nitatafuta sababu ya kubadilisha gari.

Nikairudisha simu mfukoni. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipotenda. Yale mengine yote ya puli na sabuni ni upuuzi wa mwanamume. Hapo ndipo nilipochagua.

Tukafika juu, barabara ikaanza kuteremka. Unaijua? Ukienda Rubona ziwa liko mkono wa kulia, chini, na wewe unaendesha upande huo huo wa kulia. Upande wa kushoto ni kilima. Kona moja inaingia kwenye nyingine.

Kelele zikakoma ghafla.

Nikashusha pumzi. Nakuapia, nilifurahi! Nikasema moyoni, basi, limenyamaza.

Kumbe mkanda ulikuwa umekatika.

Nikaona moshi mweupe unapanda kwenye kioo cha mbele cha gari la maharusi. Ulikuwa mvuke. Baadaye niliambiwa mkanda ulipokatika ulichapa bomba la maji likapasuka. Taa nyekundu za breki zikawaka. Na kona ikafika, ya kushoto, na gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja kuelekea ziwani, riboni zinapepea, na mdogo wangu yumo ndani!

Nilipiga ukelele gani sijui. Mjomba alinishika mkono. Shangazi yangu nyuma alianza kuita jina la Yesu, hakuacha.

Usukani wa gari lile ukifa huwa mzito kama umefungiwa mahali. Ukiutegemea wepesi wake halafu ukaondoka katikati ya kona, mkono unakosa la kufanya. Nilimwona Dieudo kwa nyuma, kupitia kioo, mabega yake yamepanda mpaka masikioni. Alikuwa anauvuta usukani kwa mwili mzima. Tairi la kulia likatoka kwenye lami, vumbi likaruka upande wa maji. Kisha gari likageuka kidogo. Likageuka tena kidogo. Likakatiza barabara kwenda upande wa kilima, na kutoka chini likawa linapanda lori lililobeba kreti za bia.

Nilifumba macho. Niliyekuwa baba siku ile nilifumba macho.

Nilisikia honi ndefu ya lori, kisha kishindo. Nilipofumbua, lori lilikuwa limepita na kusimama, na gari langu lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro wa mawe chini ya kilima, magurudumu bado yanazunguka.

Nilikimbia. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Nitasema, nitasema, asife tu nitasema." Wote waliokuwa karibu walinisikia wakadhani ni sala.

Hawakufa. Nakuambia mapema ili upumue. Bwana harusi alitoka na michubuko. Dieudo alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto kwa kuvuta ule usukani na kugonga. Yvonne alivunjika mfupa wa bega, na kioo kilimkata kuanzia sikioni mpaka kwenye kidevu. Gauni jeupe liliingia damu mpaka kiunoni. Nilimbeba mimi kumtoa. Aliniuliza kama uso wake umeharibika. Nikamwambia hapana.

Uliniona nilivyoapa pale barabarani? Sasa sikia nilichofanya.

Watu walikuwa bado wamejaa hospitalini nilipompigia Safari. Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwake. Nikamwambia atoe ile puli ndogo, arudishe ya zamani, afunge mkanda mwingine wowote na kuukata. Safari akasema hiyo dhambi asingependa kuibeba. Nikamwambia ni yangu. Akafanya. Siku hizi tukikutana anavuka barabara.

Waliokuja kulikagua gari waliona mkanda mchakavu umekatika, kitu cha kawaida. Swali likabaki moja: dereva alikuwa mbio kiasi gani? Yule mjomba akasema alinusa kitu kama pombe kwa dereva. Mwingine akasema huenda shemeji alionja kidogo, harusi ni harusi. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nimekaa na mdomo wangu.

Maneno yanatembea Gisenyi kuliko mabasi. Mwenye basi dogo akampa mtu mwingine funguo. Akasema Dieudo apone kwanza mkono, lakini mkono ulipopona hakumwita. Kanisani watu walipunguza kumsalimia. Watoto wake shuleni waliulizwa kama baba yao ni yule mlevi aliyetaka kumzamisha bibi harusi. Dieudo, mtu asiyejua ladha ya bia ingawa kila siku alipita mbele ya kiwanda chake kule Rubona!

Kisha ikaja siku ambayo ndiyo inanifanya niandike haya.

Dieudo alikuja nyumbani. Hakuniita, alibisha hodi kama mgeni. Alikuwa na mke wake, na walileta maziwa na asali, kama mtu anayekuja kuomba msamaha kwa wakubwa. Hakutaka kukaa kwenye kochi. Akasimama katikati ya sebule, ameinamisha kichwa.

"Shemeji, nakuja kuomba pardon," akasema, mikono ikishika usukani usiokuwapo. "Volant ilikatala, lakini mi ndiye dereva. Nilikuwa nabeba mutoto yako. Munisamehe."

Mke wangu alikuwa analia jikoni kwa ajili ya kaka yake. Nilimwona kupitia mlango.

Unajua nilifanya nini? Nilimsamehe.

Nilisimama, nikamshika bega, nikamwambia yamekwisha, ajali ni ajali, sina kinyongo naye. Nilimsamehe kwa sauti ya baba! Nikapokea maziwa. Nikapokea asali. Walipoondoka, mke wangu alinishukuru kwa moyo wangu mkubwa, na mimi nikaenda kuiweka ile asali kabatini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa hofu. Namwogopa mke wangu anaponitendea mema. Naogopa kusikia honi za harusi, na hapa kwetu kila Jumamosi ni harusi. Nikipanda basi la Rubona naketi upande wa kilima na kushika chuma. Yvonne akija kutusalimia anajifunika kovu kwa kitambaa, anacheka, anasema angalau mume wake alishamvisha pete, hana pa kukimbilia. Nacheka naye. Naogopa usingizi, naogopa kunena ndotoni.

Juzi nilishindwa. Nilikwenda kwa Dieudo. Nilimkuta anaosha viazi kwenye karai nje ya nyumba yao, maana siku hizi yuko nyumbani. Nilimwambia yote, nimesimama, kuanzia utani wa mjomba, puli, sabuni, simu, mpaka Safari. Sikupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Kwa kweli nilikuwa natamani kupigwa.

Hakunipiga. Aliacha kiazi ndani ya maji.

"Donc haikukuwa mi?" akauliza.

Nikamwambia hapana.

"Haikukuwa mi?" akarudia, polepole, kama anauliza njia. "Sikulala? Sikukosea kona?"

Nikamwambia hakukosea kitu. Nikamwambia mtu mwingine yeyote angewatumbukiza ziwani, yeye ndiye aliyewaokoa. Hapo akaketi chini kabisa, kwenye udongo, akafunika uso kwa mikono yenye maji ya viazi, akalia. Kumbe muda wote ule hakuwa analaumiwa na watu tu. Na yeye mwenyewe alikuwa ameamini!

Alipomaliza kulia akanyanyuka. Macho yake yalikuwa mengine. Sikuwahi kuyaona.

"Siku ile we ndiye ulikuwa papa," akasema. "Dimanche utaita batu bote, ba Kigali na ba hapa, na Yvonne. Utasema mbele yao kama vile umenisemea mi. Bibi yangu nitamwelezea mi mwenyewe. Dada yangu, ni weye."

Dada yake ndiye mke wangu, na sikumaliza usiku huo bila kumwambia. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake chache, akachukua mtoto, akaenda kwa kaka yake. Alipofika getini aligeuka, akaniambia ile asali ameimwaga.

Leo ni Ijumaa. Wageni wa hiyo dimanche, Jumapili keshokutwa, nimeshawaita. Wanadhani nawaita kwa shukrani, mjomba ameniambia kwa simu kwamba atakuja na kinywaji. Siogopi polisi, ingawa najua huenda nikafika huko pia. Namwogopa Yvonne. Naogopa ile dakika atakayoondoa kitambaa usoni ili anitazame vizuri.

Wewe unayesoma, sina mamlaka ya kumfundisha mtu, lakini chukua hili. Kama umegusa kitu kwenye gari lako, puli, breki, chochote, halafu mwingine anakwenda kushika usukani, mwambie. Mwambie hata kama wakwe wanasikia. Mwambie hata kama watakucheka mpaka uzeeni. Gari likilia liache lilie, na msafara uusimamishe.

Na kama umeshachelewa kama mimi, na mtu anakuja mlangoni kwako kuomba msamaha wa kosa ulilolitenda wewe, nakuomba kwa jina la Mungu, usimsamehe.